Matundu kwenye karatasi: kigezo cha sketi kutoka Massachusetts hadi Bungoma

Haya, leo tuziache kidogo seva na hifadhidata, tuongee kuhusu sketi. Usikimbie! Mwenye kupenda kompyuta atapata haki yake humu, tena zaidi ya anavyodhani.

Ukimwuliza mtu wa fani yetu kadi ya matundu ilianzia wapi, atakutajia Herman Hollerith na sensa ya Marekani ya mwaka 1890. Aliyesoma kidogo zaidi atarudi nyuma hadi Ufaransa mwaka 1804, kwa Joseph-Marie Jacquard na mtambo wake wa kufumia hariri ulioongozwa na kadi zilizotobolewa. Hapo mhadhiri hutabasamu, tunamtaja Babbage, tunamtaja Ada Lovelace, somo limekwisha. Lakini kati ya Jacquard na Hollerith kulikuwa na karatasi nyingine yenye matundu, nayo iliingia majumbani kwa mamilioni: kigezo cha kushonea nguo. Haikusomwa na mashine. Ilisomwa na mwanamke aliyekaa mezani na mkasi, na yeye ndiye aliyekuwa prosesa.

(Neno lenyewe kwanza. Mafundi wengi wa huku kwetu husema tu "pateni". Kamusi inatupa "kigezo", na waliowahi kuhariri Wikipedia ya Kiswahili wanajua kwamba kurasa za mfano kule pia huitwa hivyo hivyo, "Kigezo". Sijui kama aliyechagua neno hilo alikuwa anafikiria ushonaji, ila alilenga vizuri.)

Mwaka 1863 fundi mmoja wa Sterling, Massachusetts, jina lake Ebenezer Butterick, alianza kuuza vigezo vya karatasi vilivyokatwa kwa saizi mbalimbali. Vigezo vya karatasi vilikuwapo kabla yake. Bi Demorest wa New York alikuwa tayari anaviuza. Kipya kilikuwa saizi. Kabla ya hapo ulipewa umbo moja, na kulifanya likutoshe ilikuwa kazi yako wewe. Butterick alikutolea umbo lilelile likiwa limeshakokotolewa kwa ajili ya kiuno chako.

Hapa tusimame kidogo, maana kuna hesabu ambayo wengi huidharau. Kupanga nguo kwa saizi si kama kuvuta pembe ya picha kwenye skrini ikue. Mtu mwenye kiuno cha inchi 32 si mrefu kuliko mwenye inchi 26 kwa uwiano huohuo. Kiuno kinaongezeka, nyonga zinaongezeka kwa kiasi chake, urefu wa sketi unaweza usiongezeke kabisa. Kila mstari una kanuni yake. Kwa lugha yetu, ile ilikuwa fomula yenye vigeu kadhaa, ikakokotolewa New York, majibu yakakatwa kwenye karatasi nyembamba na kutiwa ndani ya bahasha. Mnunuzi hakuiona fomula. Alipata matokeo tu, kama programu unayouziwa bila msimbo wake.

Karatasi hizo hazikuwa na maandishi hata kidogo. Zilikatwa kwa mrundo, kisha zikatobolewa matundu: makubwa, madogo, mengine yamepangwa mstari, mengine yamekaa matatu matatu. Kundi moja lilisema ukingo huu uweke kwenye mkunjo wa kitambaa. Mstari wa matundu ulisema hapa pafuate uzi wa kitambaa. Pengine tundu dogo lilisema rinda lianzie hapa. Kila kampuni ilikuwa na lugha yake, na ufunguo wa lugha hiyo ulichapwa kwenye bahasha au kijikaratasi cha maelezo. Bahasha ikipotea, umebaki na karatasi bubu. Kampuni ya McCall ndiyo iliyoanza kuchapa mistari na maneno juu ya kigezo chenyewe, karibu mwaka 1920, na wenzake wengine waliendelea na matundu kwa miaka mingi baada ya hapo.

Sasa mashine. Elias Howe alipata hataza ya cherehani mwaka 1846, Isaac Singer akapata yake mwaka 1851, halafu kila mtu akamshitaki kila mtu. Mwaka 1856 kampuni tatu kubwa pamoja na Howe walichoka na mahakama, wakaziweka hataza zao kwenye kapu moja, na kila aliyetaka kuunda cherehani alilazimika kulilipa kapu hilo, mwanzoni dola 15 kwa mashine. Muungano huo ulidumu hadi mwaka 1877. Mkisikia leo makampuni ya simu yakigombania hataza na kisha kusikilizana, mjue njia hiyo ilishapitwa na watu wa sindano. Mwaka huohuo wa 1856 Singer walianza pia kuuza mashine kwa malipo ya kidogo kidogo. Anayelipia simu yake kila siku kwa M-Pesa anaujua mpango huo.

Cherehani nyeusi unayoiona kwenye varanda za Kitale na Bungoma, ile ya kukanyaga kwa miguu, mara nyingi si Singer. Ni Butterfly ya Shanghai au ndugu yake. Lakini ifungue! Ndani ni ukoo wa Singer nambari 15. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia viwanda vya Japani viliichukua mashine hiyo, vikakubaliana vipimo vya pamoja, na kipuri cha kiwanda hiki kikaingia kwenye mashine ya kiwanda kile. Wachina nao wakatengeneza za kwao kwa umbo hilohilo. Ni hadithi ileile ya IBM PC ya mwaka 1981 na nakala zake, ila hii iliitangulia kwa zaidi ya miaka 30. Ndiyo maana sindano unayonunua dukani Webuye inaingia kwenye mashine ambayo bibi yako alinunua kabla hujazaliwa. Mimi nina chaja tatu mezani na hakuna hata moja inayoingia kwenye simu ya mwenzangu wa zamani. Tuendelee.

Mashine ilifikaje huku? Kwa njia ya mizigo mingine yote. Vitambaa vilitangulia. Merikani, ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi, jina lake linasema ilikotoka: viwanda vya Massachusetts, kwa meli hadi Zanzibar, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sultani Said. Kwa hiyo jimbo lililompa dunia Butterick lilikuwa limeshawavisha watu wa pwani yetu kwa miaka 30 kabla yake. Reli ya kutoka Mombasa ilifika ziwani mwaka 1901. Maduka ya Alidina Visram na Wahindi wengine yakafuata, na mbele ya duka, varandani, akakaa fundi na cherehani yake. Reli ilifika Eldoret mwaka 1924, tawi la Kitale likafunguliwa mwaka 1926, na njia kuu iliyopita Bungoma ikafika Kampala mwaka 1931. Kitambaa, uzi, sindano na vifungo vilishuka stesheni pamoja na majembe.

Wamisionari walikuwa wametangulia reli hiyo. Quaker wa Marekani walifungua misheni ya Kaimosi mwaka 1902, nayo iliitwa misheni ya viwanda, kwa sababu ilikuja na msumeno wa maji na matofali sawia na Biblia. Miaka ya 1910 wakawa na kituo Lugulu, ndani ya nchi ya Wabukusu. Wakatoliki wa Mill Hill wakaja Kibabii. Mahali pote hapo nguo ilikuwa na maana kubwa. Aliyesoma alivaa kitambaa, na aliyevaa kitambaa alihesabiwa upande wa wasomi. Ngozi na nyuzi za migomba zilihesabiwa upande wa pili. Kushona kukawa somo la wasichana. Sio kila mtu aliufurahia mpango huo. Elijah Masinde wa Kimilili na Dini ya Msambwa waliwaita watu warudie imani za mababu na kuwakataa watawala, serikali ikawapiga watu risasi Malakisi tarehe 10 Februari 1948, na dini yenyewe ikapigwa marufuku mwaka huo. Sketi ilikuwa katikati ya mambo mazito kuliko mitindo.

Haya yote nimeanza kuyafuatilia kwa sababu ya jambo dogo. Kanisa la dada yangu, upande wa Bungoma, liliandaa mchezo wa kuigiza kuhusu siku za wamisionari wa kwanza. Walihitaji mavazi. Mke wa mmisionari alihitaji sketi ya kutembelea ya miaka ya 1900, na kina mama wa kwanza kubatizwa walihitaji nguo zao. Mimi nikapewa kazi ya "kutafuta kwenye mtandao", kama ambavyo ukoo mzima unavyofikiri ndiyo niliyoisomea chuo kikuu.

Sketi ya mke wa mmisionari niliipata kwa dakika tano. Huko Marekani na Ulaya kuna watu wengi wanaochora upya vigezo vya zamani na kuviuza au kuvigawa bure. Chuo Kikuu cha Rhode Island kina hazina ya makumi ya maelfu ya vigezo vya karatasi, kazi iliyojengwa kwa miaka mingi na Joy Spanabel Emery. Kilichochapishwa Marekani kabla ya mwaka 1930 hakina tena mwenye hakimiliki kule, kwa hiyo unaweza kukichora upya bila kumwomba mtu ruhusa. Nikapakua faili la PDF, nikalichapisha Kitale kwenye saiba karibu na stesheni ya zamani, kurasa za A4 za kuunganisha kwa gundi. Ukurasa wa kwanza una mraba wa inchi moja. Unaupima kwa rula kwanza, maana printa nyingi hupunguza ukurasa kidogo bila kukuuliza, na asilimia 3 kwenye kila kipande ikizidishwa mara saba ni karibu inchi nzima kiunoni.

Vipande ni saba. Kimoja cha mbele, viwili vya ubavu wa mbele, viwili vya ubavu wa nyuma, viwili vya nyuma. Kila kimoja ni chembamba juu na kipana chini, ndiyo sababu sketi inakaa sawa kwenye nyonga bila marinda na kisha inafunguka kama kengele. Sema kiuno ni inchi 28 na upindo inchi 126: kila kipande ni inchi 4 juu na 18 chini. Siri iko kwenye kingo. Ukingo wa mbele wa kila kipande cha ubavu hufuata uzi wa kitambaa, ukingo wa nyuma unakwenda mshazari. Mshazari peke yake hunyooka na kulegea ukitundikwa. Basi wao walishona ukingo wa mshazari wa kipande kimoja na ukingo ulionyooka wa kipande kinachofuata, mmoja ukamshika mwenzake. Hakuna neno lolote kwenye bahasha linaloeleza kwa nini. Maarifa yamo kwenye umbo lenyewe.

Na umbo hilo linabana matumizi ajabu. Kwa kuwa upande mmoja umenyooka, ukichukua vipande viwili ukageuza kimoja juu chini, vinakaa pamoja kama mstatili. Ukiongeza nusu inchi ya mshono kila upande, viwili vinachukua upana wa inchi 24. Kwenye kitambaa cha suti cha inchi 60 unaweka jozi mbili kwa mkupuo, na sketi nzima ya urefu wa inchi 40 inatoka kwenye yadi mbili na nusu. Kwenye kitambaa cha upana wa yadi moja, kama kilivyokuwa kingi cha zamani, jozi ni moja tu kwa mkupuo, na unahitaji karibu yadi tano. Kitenge chenye ndege wanaotazama juu hakigeuziki, maana nusu ya ndege watakufa miguu juu. Wanaopanga mizigo kwenye kontena au kumbukumbu kwenye diski wanalijua tatizo hili kwa jina jingine.

Nikazipeleka karatasi kwa mama mmoja fundi, sokoni Bungoma, ambaye ameshona sare za shule na za makwaya tangu kabla ya mitumba kuja kufunga biashara za wengi miaka ya 1990.

"Mama, kigezo hiki hapa. Kiko tayari, ni kukata tu."

Akaziangalia, akazigeuza, akazirudisha mezani. "Kijana, hii karatasi ni ya mtu ambaye mimi sijampima."

Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Vigezo vya wakati ule vilikokotolewa kwa mwili uliokazwa na korseti, kile kizibao cha mifupa kilichobana kiuno na kusukuma nyonga nyuma. Saizi ya kiuno inchi 24 iliyoandikwa kwenye bahasha ilikuwa ya kiuno kilichobanwa, na tofauti yake na nyonga ni kubwa kuliko ya mwimbaji yeyote wa kwaya yetu. Mama alimpima mhusika kwa tepu: kiuno, nyonga, urefu. Akatandaza gazeti la wiki iliyopita, akagawa kwa saba kichwani, akachora kwa chaki. Karatasi yangu aliitazama kwa jambo moja tu, kujua ukingo upi unanyooka na upi uko mshazari. Alipoliona hilo alisema "ahaa", na ndiyo mara pekee siku hiyo kigezo kilipomfundisha kitu.

Kwa hiyo Butterick aliuza majibu, na mama huyu anayo fomula. Kwake hakuna saizi hata moja iliyohifadhiwa, kuna njia ya kuipata saizi yoyote. Siku hizi watu wa programu huria wanafanya hivyo hivyo: Seamly2D unaingiza vipimo na mchoro unajibadili, FreeSewing ni vigezo vilivyoandikwa kwa JavaScript, unaingiza mwili wako na inakutolea karatasi. Wanaiita teknolojia mpya. Fundi wa varandani alikuwa nayo siku zote, ila kwake imehifadhiwa mahali pamoja tu, kichwani, na nakala ya akiba haipo. Miaka ya nyuma fundi alikuwa na wanafunzi wawili watatu wa kumshikia kitambaa. Sasa ana mmoja, naye ana simu mkononi.

Sasa tuje kwa kina mama wa kwanza kubatizwa, ambao ndio walionikosesha usingizi. Nilitafuta nguo zao jinsi nilivyotafuta sketi ya Mmarekani na sikuona faili lolote. Makumbusho ya Kitale, yaliyotokana na mkusanyiko wa Kanali Stoneham na kufunguliwa mwaka 1974, yana vitu vya jamii za eneo hili na hata maboma ya mfano uwanjani. Günter Wagner aliyekaa kwa Wamaragoli na Wabukusu miaka ya 1930 aliandika vitabu vizito juu ya ndoa, tohara na mizimu. Lakini wakusanyaji popote duniani hupenda ngozi, shanga na mikuki, vitu vinavyoonekana vya kale. Gauni la merikani lililoshonwa na binti wa misheni halikuonekana la kale wala la kisasa. Lilivaliwa likachakaa, likawa la mtoto, likawa tambara la kupangusia taa.

Tena nguo hiyo haikuhitaji karatasi, na kisichokuwa na karatasi hakiingii kwenye hazina ya karatasi. Hesabu yake ni fupi mno kuhitaji kuandikwa. Kwa hiyo leo mtoto wa Bungoma anaweza kushona sketi ya mwanamke wa Boston wa mwaka 1905 hadi kwenye kulabu ya mwisho, na nguo ya mama wa bibi yake hawezi. Hii si kwa sababu moja ilikuwa bora. Moja ilikuwa bidhaa yenye bahasha na bei.

Njia iliyobaki ni ile mafundi wamekuwa wakiitumia siku zote: kuchukua nguo yenyewe na kuisoma mishono. Mteja akileta gauni alipendalo anataka jingine kama hilo, fundi analigeuza ndani nje, anapima kila mshono, likiwa chakavu analifumua kabisa na kulitandaza. Sisi tunaipa jina kubwa na tunaiwekea vifungu vya sheria. Picha za zamani za misheni nazo husaidia, ukiwa na subira ya kukuza na kuhesabu mikunjo.

Mama fundi akamtaja bibi mmoja wa kanisa lao mwenye gauni la marehemu mamaye, amelikunja ndani ya sanduku la bati na majani ya mwarobaini. Tulikwenda watatu. Bibi alikubali lipimwe, si lifumuliwe, na alikaa papo hapo akitazama mikono yetu. Lina mishono minne tu. Mwili ni mstatili mmoja wa inchi 36 kwa 96, yaani kitambaa chenyewe kama kilivyotoka dukani, kimekunjwa katikati. Bega halina mshono, shingo ni tundu la duara lenye kipenyo cha inchi 7 lililopasuliwa kidogo mbele. Mikono ni vipande viwili vya mraba wa inchi 14, na chini ya kwapa kuna kiraka kidogo cha umbo la almasi ili mkono uinuke bila kuchana. Mishono ya ubavu imeshonwa kwa mashine. Ya shingo ni ya mkono, pointi ndogo sana, zimekaribiana kama punje za wimbi. Upindo una inchi 5 zilizokunjwa ndani, na zimeachiliwa mara mbili. Mistari ya mikunjo ya zamani bado inaonekana. Faili lake ni kilobaiti 11. Nimelitaja kwa jina ambalo bibi alitaka litajwe, la mamaye.